Ukuta Kati ya Mashimo Mawili

Baba alikuwa na kanuni moja tu ya uvuvi: mdomo ufungwe. Mimi nilizaliwa na mdomo usiofungika, kwa hiyo utoto wangu wote alinikataza kumfuata shimoni. "Samaki iko na masikio," alikuwa akisema. "Wewe ukifika, yote inakimbia."

Shimo ninalolisema liko Rukoki, nyuma ya nyumba yetu, na kwa kweli ni mashimo mawili. Baba na wenzake waliyachimba miaka ile alipokuwa akifyatua matofali. Wenzake walitoka kila upande, hadi Kongo, ndiyo maana nyumbani tunaongea Lhukonzo, lugha ya kwetu, lakini akikanyaga shimoni tu Baba anahamia Kiswahili, hata kama aliye naye ni binti yake mwenyewe. Udongo mzuri ulipokwisha mvua iliyajaza mashimo, mafuriko ya mto yakaleta kambale, na Baba, mtu wa milima ya Kyarumba asiyejua kuogelea, akageuka mvuvi wa maji ya tope.

Kati ya mashimo hayo waliacha ukuta wa udongo usiochimbwa, upana wa toroli moja, wa kupitishia matofali mabichi. Maji yalipojaa, ukuta ule ukabaki kuwa njia nyembamba, huku dimbwi na huku dimbwi, na kila upande kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Kambale wakubwa walipenda kulala katikati, karibu na ukuta. Baba alikuwa akienda kuketi hapo kama mtu aliyeketi sebuleni kwake.

Mwaka jana Mama alinipigia simu Bwera, ninakouza vitenge karibu na mpaka wa Kongo. Alisema tangu Krismasi Baba anapapasa ukuta akienda chooni. Juzi alimimina chai mezani, kikombe kikiwa pembeni, halafu akamgombeza Mama kwa kuhamisha kikombe. Ukimuuliza, anajibu macho yake ni mazima kuliko ya vijana wa simu. "Njoo umwambie asiende tena shimoni," Mama alisema. "Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Nilikuja nikiwa nimepanga maneno yangu tangu Bwera. Jumamosi asubuhi, kwenye chai, nikaanza: "Baba, kuhusu lile shimo..."

"Leo tunaenda wote," akanikata.

Maisha yangu yote alikuwa hajawahi kunialika. Nina zaidi ya miaka arobaini, lakini nilifurahi hadi nikaona aibu, na maneno ya Mama nikayameza pamoja na mkate. Nilijiambia nitayasema tukirudi.

Furaha haikufika mbali. Njiani zilianza amri: usikanyage kwa nguvu, usicheke, zima simu. Huko Bwera wateja wananiogopa, na hapa naambiwa nyamaza kama mtoto wa chekechea. Nikanuna. Simu sikuizima.

Tuliketi ukingoni. Aliupata mnyoo wa chambo kwenye kopo kwa vidole, akaishika ndoana kwa midomo kuitafuta ncha, akauvika mnyoo bila kuutazama. Boya lake lilikuwa kipande cha ndara nyekundu. Hakulitazama hata mara moja. Alipitisha mshipi juu ya kidole na kuinua uso juu, akisikiliza. Nilidhani ni ujuzi. Nilimsifu kabisa moyoni, mjinga mimi, nikisahau kilichonileta.

Nusu saa nzima hakuna kilichogusa. Kisha katikati kule, karibu na ukuta, mkia mkubwa ulipiga maji. Baba akasimama na mwanzi wake wa kuvulia, akaugusa mwanzo wa ukuta kwa kidole cha mguu.

"Njia iko?" akauliza.

Nilikuwa nasoma ujumbe wa mteja aliyetaka vitenge vya harusi.

"Iko," nikasema.

Sikuinua kichwa. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna nyingine na hakuna namna nyingine. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeukata ukuta katikati, pengo la hatua kama tano, na maji yaliyofunika pengo yalikuwa na rangi ileile ya udongo. Hata hivyo, mtu mwenye macho angeliona. Mimi nilikuwa na macho.

Nilisikia maji yakipasuka. Nilipotazama, kofia yake ilikuwa ikielea na yeye hayupo. Kisha akaibuka, akikohoa, akasimama maji yakimfika kifuani. Miguu yake ilikuwa imekanyaga kisiki cha ukuta kilichobaki chini ya maji. Kisiki hicho hakikuzidi upana wa toroli, na Baba alikuwa amejizungusha alipokuwa akianguka. Akageuka huku, akageuka huku, mikono mbele. Macho yake yalikuwa wazi. Yalipita juu yangu na hayakusimama.

"Uko wapi?" akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Ongea."

Mimi, niliyefukuzwa shimoni miaka yote kwa sababu ya kelele, sikuwa na neno. Nilifungua mdomo na hewa tu ikatoka. Nilitambaa juu ya ukuta hadi mwisho wake, udongo ukimomonyoka chini ya magoti yangu, na bado sikuweza kutoa hata "Baba".

Aliunyoosha mguu kupima. Aliunyoosha upande wa dimbwi. Maji yakapanda hadi kidevuni, akaurudisha kwa shida, akayumba.

"Mutoto yangu, ongea."

Kilichonirudishia sauti kilikuwa hasira. Sina la kujisifu hapo. "Wewe hauoni!" nilipiga kelele. "Tangu Krismasi hauoni, na unatudanganya! Mama analia jikoni kwa ajili yako, na wewe unasema kikombe kimehamishwa!"

Baba aligeuka mwili mzima, akauelekea ugomvi. Akapiga hatua moja.

Basi sikunyamaza tena. Nilimwambia kila kitu: kupapasa kuta, chai, kiburi chake, miaka aliyonifukuza. Kila alipopinda kidogo, nilipaza sauti zaidi, naye akanyooka. Maneno yalipoelekea kuisha nikabaki na lile moja nililolikwepa. "Na mimi nilidanganya! Uliniuliza njia, sikutazama! Nilikuwa na simu! Nilisema iko na haiko!"

Hapo nilidhani atasimama. Hakusimama. Aliendelea kuja, mkono mbele, hadi vidole vyake vya tope vikagusa uso wangu, vikaupata mdomo kwanza. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikamvuta juu ya udongo, na tukarudi ukingoni kwa magoti, mimi mbele, yeye ameshika kitenge changu.

Tuliketi. Mimi nilikuwa nikilia kwa sauti, bila adabu yoyote. Nilimpenda na nilijichukia, vyote kwa pamoja.

"Mama yako inajua?" akauliza baadaye.

"Anajua."

"Majirani?"

"Wanajua, Baba."

Akakamua maji kwenye mkono wa shati, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. "Basi mimi ndiyo wa mwisho kujua," akasema.

Daktari wa macho alisema tumechelewa. Baba alimsikiliza, akamshukuru, na njiani kurudi akaniuliza kama mwanzi wake ulipatikana.

Siku hizi nikija kutoka Bwera tunakwenda wote. Tunaketi ukingoni, kwenye ubao niliouweka mbali na maji. Kazi yangu ni kulitazama boya la ndara nyekundu na kuongea. Naongea kuhusu wateja, bei za vitenge, mawingu juu ya milima, mke wa jirani. Nikikaa kimya kidogo tu anauliza, "Uko?" Najibu niko. Wiki iliyopita alivuta kambale wa urefu wa mkono wangu, nami nikimweleza kila mkunjo wa mshipi, na hakusema lolote kuhusu masikio ya samaki.

Kabla hatujaketi huwa anasimama pale ukuta unapoanzia, anaugusa kwa kidole cha mguu, na kuuliza, "Njia iko?" Anajua jibu. Pengo limeshakula nusu ya ukuta. Lakini anauliza kila safari, na kila safari mimi naweka simu mfukoni, nautazama ukuta wote, mwanzo hadi mwisho, kisha namjibu.

"Haiko, Baba."