Chumvi Aliyofichwa Idman

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ebla Warsame anafukiza mitungi yake kwa kijinga cha moto kabla ya kumimina maziwa ya ngamia. Anainusa mmoja mmoja. Wateja wa soko la Garissa wanajua: maziwa yasiyo na harufu ya moshi si ya Ebla.

Kazi hii alifundishwa na mama yake kule Kotile, na akianza kuikumbuka Kotile, hata wateja husubiri. Anamkumbuka babake akimketisha jioni karibu na ngamia na kumkaririsha majina ya mababu.

"Nikikosa moja, naanza tena mwanzo," anacheka. "Wallahi, siku hizo zilikuwa tamu."

Huko ndiko pia alikokulia bintiye Idman, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa. Mtoto alikuwa akilamba chumvi ya mifugo bila kukoma. Mdomo ulijaa utando mweupe usioisha, vidole vikawa vinakakamaa, ngozi ikazidi weusi na nguvu zikamwisha. Familia ikamficha chumvi.

"Sisi tulisema ni ulafi," asema Ebla. "Kumbe mwili yake ilikuwa inaomba. Mimi mama yake nikamnyima."

Walizunguka hospitali miaka sita. Hatimaye daktari mmoja mjini hapa, Kagendo, akamuuliza habari za ukoo. Ebla akakariri majina yake, kisha ya mumewe, vilevile alivyofundishwa. Jina la tatu likawa moja: babu yao ni mmoja.

Damu ikapelekwa Nairobi kupimwa. Daktari akamweleza kwamba nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, shule ya askari wa mwili, ambamo hufundishwa kutomgusa mwenye nyumba. Idman alirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo baadhi ya askari wake walitoka shuleni bila kuwajua wa nyumbani, wakashambulia tezi zake mwenyewe, zikiwemo zinazousaidia mwili kuhifadhi chumvi. Anayebeba nakala moja tu huwa mzima, ila anaweza kumrithisha mtoto.

Dawa ni za maisha. Lakini leo Idman ndiye anayepima maziwa, huku akiwatania wateja kwa ulimi mkali kuliko wa mamake.

Kinachomkosesha Ebla raha sasa ni mwanawe Shuaib, aliyeposewa binti wa Alio, kakake Ebla. Ebla anataka vijana hao wapimwe kwanza. Alio alimkasirikia kwenye simu.

"Akaniambia, 'Walaal, dada yangu, sasa unasema damu yetu ni mbaya?' Nikamwambia habana, walaal. Ni nzuri, lakini ni moja. Hiyo ndiyo naogopa."

Alhamisi atafunga kibanda aende Kotile pamoja na Idman, ili Alio amsikie mgonjwa mwenyewe. Shuaib na mchumba wake wote wawili wakionekana wanabeba kasoro hiyo, Ebla ataomba uchumba uvunjwe.

"Huyo msichana nilichagua mimi, akiwa bado anatambaa," asema, akifuta mdomo wa mtungi ambao tayari ni safi. "Kama itabidi, ni mimi nitaenda kumwambia. Si mtu mwingine."