Gitaa Lenye Tendegu la Kitanda

Achari yangu ya ndimu ndiyo iliyonifikisha pale. Mkahawa mmoja wa Diani ulikuwa umeanza kuinunua, nami nilikuwa nimesimama kaunta nikingoja chupa zangu tupu, nikainua macho ukutani. Kati ya kasia kuukuu na taya la papa, lilitundikwa gitaa la besi la kaka yangu. Lilikuwa limepigwa msasa na vanishi, likang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa mikononi mwake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini chini yake palikuwa na kibao, na kibao kilisema gitaa ni la mwanamuziki wa roki wa Uingereza, wa enzi zile za nywele ndefu, aliyekuja kupumzika pwani hii akaliacha. Wazee wawili wa kizungu, matumbo yao yamebanwa na fulana za bendi za ujana wao, walikuwa na simu mkononi wakililinganisha na picha za watu mashuhuri. Mmoja alishikilia kuwa ni la fulani. Mwenzake akakataa katakata, gitaa la fulani lilikuwa na pembe mbili. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba halikutoka kiwandani, kwamba lilitengenezewa mtu mmoja. Hapo walisema kweli.

Mtu mwenyewe ni kaka yangu, na aliyelitengeneza alikuwa seremala wa vitanda wa Msambweni.

Zamani hizo kaka alipiga besi katika bendi ya hoteli moja ya ufukweni. Wageni wakifika, bendi iliwapokea kwa nyimbo za karibu-karibu na mashati ya maua. Wakishakula, wageni waliomba roki ya kwao, nao vijana wakaipiga kana kwamba wamezaliwa nayo. Kisha besi ya hoteli ikaharibiwa na hewa ya chumvi, ubao ukapasuka katikati. Kaka hakulia. Alitwaa jalada la santuri aliloachiwa na mgeni mmoja, lenye picha ya mpigaji maarufu na gitaa ambalo hakuna duka la Mombasa lililowahi kuwa nalo, akalipeleka kwa fundi. Nami nikamfuata, maana mimi tangu utotoni sipitwi na jambo.

Fundi alilisogeza jalada karibu na pua. Upande wa chini wa gitaa haukuonekana, ulizibwa na sahani ya shaba ya mpiga ngoma.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Sijui, fundi. Hapaonekani."

"Sasa mwanangu, wataka nikuchongee kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui kilivyo?"

"Hapo malizia upendavyo."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yule mzee umri wake wote alichonga vitanda vya maharusi, na mkono wake ulipofika pale picha ilipokomea, ulimalizia kwa kile ulichokizoea. Gitaa likatoka juu lina pembe kali ya kizungu, na chini likaishia kwa tendegu, mguu kamili wa kitanda, duara juu ya duara, sawasawa na wa kitanda cha mama yetu. Shingo na sumaku za kunasa sauti zilitoka kwenye lile gitaa bovu. Ubao ulikuwa wa mbambakofi, mzito kama dhambi, na kaka alilalamikia bega mpaka siku ya mwisho ya kulipiga.

Wenzake walimcheka wakachoka. "Leo utalipiga au utalilalia?" Kaka alicheka nao, akaliunganisha na spika, akagusa uzi mmoja, wakanyamaza.

Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuingia hotelini, na mama angetukata miguu. Tulisikilizia nje, upande wa ufuo, nyuma ya ua wa mikadi. Nyimbo zenyewe upepo ulizipeleka kwingine. Besi haikupotea, ilipita chini ya mchanga ikatupanda miguuni, nami nikawaambia wenzangu kila mara, kana kwamba hawajui, "Huyo ni kaka yangu." Nazitamani jioni zile. Nazitamani hadi hasira hunishika, maana sasa ufuo ule umejengwa ukuta na huwezi hata kusimama.

Hoteli ilifungwa ghafla. Milango ikatiwa makufuli, vyombo vya bendi vikabaki ndani. Kaka alikwenda getini mara nyingi, na kila alipokwenda mlinzi alimwambia arudi kesho, mpaka akaacha kwenda. Akalima mihogo, akaoa, akalea watoto, hakupiga tena. Mwaka jana kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Mkono uliokuwa ukizigusa nyuzi sasa hulala mapajani, na yeye huuhamisha kwa mkono wa kushoto kama anayehamisha kitu cha mwingine.

Basi niambie, ningenyamaza? Nilivimba kama andazi, nikamwita meneja.

"Mama, hiyo gitaa ni ya msanii mkubwa wa roki," akasema, kijana wa bara, mpole. "Boss aliinunua kwa mnada, na hiyo story ndiyo alipewa."

"Umeona wapi gitaa la Ulaya lenye tendegu?"

Hakujua tendegu ni nini. Nikamwonyesha, nikamweleza habari ya fundi na jalada. Alinisikiliza, akatoka kumpigia simu mwenye mkahawa, akarudi. "Boss anasema aje mwenyewe. Akisema ni yake, anapewa. Hatutaki kitu ya mtu."

Siku hiyo sikumaliza hata kuuza achari. Nilimwambia kaka, naye akaomba anyolewe ndevu.

Tulikwenda asubuhi. Alivaa shati jeupe la Idi. Meneja akamwamkia, "Shikamoo mzee," akamketisha, akapanda kiti, akaliteremsha gitaa, akamlazia mapajani. Wageni waliokuwa wakinywa chai waligeuka kutazama. Kaka akapitisha mkono wa kushoto juu ya pembe, akashuka nao taratibu, akafika kwenye tendegu, akakizunguka kila kiduara kwa kidole. Nilikuwa nimekuja na khanga mpya ya kulifungia.

"Ni yako, mzee?" meneja akauliza.

Maneno ya kaka siku hizi hutoka polepole, lakini yale yalitoka safi. "Si langu. Ni la huyo mzungu. Litundikeni."

Nilitaka kupiga kelele. Nilimwambia kaka, wewe una nini, sema kweli, hapana anayekudai. Akamrudishia meneja gitaa, akashukuru, akaniomba mkono ainuke. Nikampa mkono kwa ghadhabu, karibu nimwangushe.

Kwenye tuktuk nilitazama upande wangu wa barabara mpaka yeye mwenyewe akanigusa goti.

"Nikilipeleka nyumbani litakuwa gitaa la mgonjwa," akasema. "Utalisimamisha karibu na kitanda. Watakaokuja kunitazama watalitazama, kisha wautazame mkono huu, kisha waniombee dua." Akageuza kichwa kule tulikotoka. "Pale bado wanabishana ni nani alikuwa akilipiga."

Nililia waziwazi, mbele ya dereva, hadi tukaipita Ukunda, naye kaka akaichukua ile khanga mapajani mwangu kwa mkono wake wa kushoto akanipa nijifutie.