Ng'ambo ya Mwalimu Épiphanie

Shule nyingi zina mlingoti wa bendera katikati ya uwanja. Ile ya Mwalimu Épiphanie, Cyangugu, Rwanda, mwaka 1998, ilikuwa na ziwa. Lilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili za mtu mzima, na maji yalimfika magotini mtoto wa darasa la kwanza. Munyemana, mkuu wa shule, alilizunguka kila asubuhi akiwa amekunja suruali, na uso pia ameukunja, maana yeye aliombwa ruhusa ya ramani ndogo ya udongo. Hakuuliza udogo huo ungeishia wapi, na hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe.

Épiphanie hakuwa mtu wa vitu vidogo. Alizaliwa Bukavu mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya wazazi wake kukimbia Rwanda, na baba yake, fundi cherehani, alikuwa na ada moja isiyovunjwa. Kila Jumapili baada ya misa aliwashusha watoto hadi ufukweni, akawapanga kwa urefu, akanyoosha mkono juu ya maji. "Muone ng'ambo kule," aliwaambia. "Njo kwetu," yaani, ndiko kwetu. Ng'ambo ilikuwa karibu sana. Siku ya jua uliweza kuona shuka zilizoanikwa majanini, na Épiphanie akiwa mtoto aliamini kwamba mojawapo ya shuka zile ilikuwa ya bibi yake. Mzee alifariki mwaka 1987, akazikwa kilimani, juu ya ufuko uleule alikosimama akionyesha.

Shuleni kwa masista kulikuwa na ramani ya kitambaa cha nta, nzuri ajabu, iliyotundikwa juu ukutani pasipofikika. Siku moja Épiphanie alipanda benchi akaweka kidole juu ya kisiwa cha Nkombo, kuona kama kina uvimbe. Sista alimchapa rula kwenye kidole hichohicho. Alipokuwa mwalimu naye, miaka kumi na mmoja pale Bukavu, wanafunzi wake walishika kila kitu: walipima madirisha kwa kamba, walipanda maharage kwenye makopo, walichinja kuku wa mfano aliyetengenezwa kwa magunia ili wajue maini yanakaa wapi. Majirani walisema yule Madame ana vurugu. Vurugu alikuwa nayo, tena aliipenda.

Agosti 1994 alivuka daraja kuingia Rwanda na mama yake, godoro moja na sufuria mbili. Sanduku la karatasi, ndani yake diploma ya ualimu, aliliacha kwa jirani aitwaye Buhendwa, kwa wiki mbili tu, mpaka wapate nyumba. Wiki mbili zikawa miaka miwili. Vita vya mwaka 1996 vilipofika Bukavu, Buhendwa alikimbia na watoto wake, na aliporudi hakukuta sanduku wala mlango.

Upande huu, siku zile, hakuna aliyeuliza diploma. Walimu walikuwa wamekufa katika mauaji ya mwaka ule au wametawanyika, na shule ya kilimani juu ya ziwa ilimpokea Épiphanie kwa mikono miwili. Lakini utulivu ulipoanza kurudi, ofisi nazo zikakumbuka karatasi. Mapema mwaka 1998 ilikuja barua: Inspekta Wenceslas angefika siku ya wazazi, mwezi wa sita, amtazame mwalimu huyu asiye na diploma akifanya kazi, halafu aamue kama atabaki au ataachishwa. Épiphanie aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Alikuwa na miaka thelathini na minane na mama wa kulisha, lakini si hilo lililomnyima usingizi. Nje ya darasa hakujua kuwa mtu gani.

Na darasa lenyewe! La nne, watoto hamsini na sita, vipande vitatu. Kulikuwa na wale waliozaliwa Bukavu wakaja na wazazi wao mwaka 1994, kama yeye. Kulikuwa na wale waliokimbilia huko mwaka huohuo, wakaishi miaka miwili kwenye kambi za wakimbizi, wakarudi. Na wachache hawakuwahi kwenda popote. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya ubaoni, lakini uwanjani kila mtu aliongea Kiswahili cha Bukavu, na kwa Kiswahili hicho walitukanana. Walikaa kwenye mabenchi kwa vipande, walicheza kwa vipande, na mara moja kwa wiki walirushiana mawe.

Ziwa lilianza kwa ubishi. Umuhire, msichana mwenye sauti ya kengele aliyezaliwa Bukavu, alisema mto Rusizi unaleta maji ziwani. Jean Paul, aliyerudi kutoka kambini, akasema unayatoa. Darasa likapasuka. Mwalimu mwingine angesema jibu na kuendelea na somo la kugawanya. Épiphanie aliwapanga mstari akawapeleka hadi darajani, mwendo wa saa nzima.

Askari wa pale akawasimamisha. "Munaenda wapi na hii jeshi yote, Maman?"

"Tunakuya kuuliza mto," Épiphanie akamjibu.

Askari akatazama juu, akatazama watoto, akawaruhusu wafike ukingoni. Jean Paul akatupa bua la ndizi majini. Likazunguka kidogo kana kwamba nalo linafikiri, kisha likalipa ziwa kisogo likashuka kusini, kuelekea Bugarama na mbali zaidi. Watoto wa vipande vyote vitatu walilikimbilia kando ya maji wakipiga kelele mpaka askari akapiga filimbi. Umuhire alilia kidogo kwa kushindwa. Njiani kurudi ndipo mmoja wao aliposema, "Mwalimu, na sisi tutengeneze yetu."

Walichimba siku nne kwa majembe ya nyumbani. Walipomimina maji, yakanywewa na ardhi kabla ya kengele ya mapumziko. Mzazi mmoja, Twagirayezu, mfyatua matofali, aliyekuwa akipita na baiskeli, alishuka akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaleta magunia ya udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, akawaeleza kwamba udongo huo lazima ukanyagwe, tena sana, na asiyeshikana na mwenzake ataanguka. Basi wakakanyaga. Watoto hamsini na sita wameshikana mabega, wanateleza, wanaangukiana, wanaimba wimbo wa redio wa Kilingala ambao hakuna aliyejua maana yake. Épiphanie alivua viatu akaingia nao. Mpaka leo ukikutana na mmoja wao, mtu mzima mwenye watoto, mwambie tu "udongo wa Twagirayezu" uone atakavyotabasamu.

Mengine yalikuja yenyewe. Ziwa walilielekeza sawasawa na lile la kweli lililoonekana chini ya kilima, Bukavu upande wa magharibi, Cyangugu mashariki, na mto ukitoka katikati. Nkombo walikijenga kwa mawe, na samaki wadogo waitwao sambaza wakawakata kutoka kwenye makopo ya maziwa, wakang'aa majini kuliko sambaza wa kweli. Huko chini, bondeni Bugarama, walipanda miche ya mpunga, na penye Muganza, palipo na kiwanda cha saruji, Umuhire alimwaga kopo la saruji aliyopewa na mjomba wake wa kiwandani. Mvua ilinyesha usiku ule na Muganza ikageuka jiwe. "Sasa njo kiwanda kabisa," akasema Jean Paul, na Umuhire akacheka. Kucheka kwao wawili Épiphanie alikuandika kwenye daftari la maandalio ya somo.

Siku ya wazazi Inspekta Wenceslas alifika na gari la kijani na kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu, na fomu haina mahali pa ziwa. Darasa la kwanza waliimba, la pili wakakariri, kisha wazazi wote wakazunguka maji. Jean Paul alieleza wavuvi wa Nkombo na taa zao. Umuhire alieleza mto, akatupa kibua chake cha ndizi, kikashuka vizuri mpaka kwenye mpunga, na kina mama wakapiga vigelegele. Munyemana alikunjua uso kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Épiphanie, aliyesimama ukingoni upande wa Cyangugu, alianza kupumua.

Hapo inspekta akafunga daftari lake. Alitaka swali moja jepesi la kumalizia, la kuwafurahisha wazazi.

"Nyinyi watoto," akasema, "nionyesheni ng'ambo ni wapi."

Mikono hamsini na sita ikanyanyuka. Nusu ikaonyesha Bukavu. Nusu ikaonyesha Cyangugu.

Wazazi wakaangua kicheko. Watoto wakatazamana, wakaona aibu, aibu ikageuka hasira. "Ng'ambo ni kule!" "Hapana, ni huku, bongo yako, unadanganya!" Mtu akasukuma mtu. Vipande vitatu vilivyoshikana mabega kwa wiki mbili vikaanza kurudi kila kimoja kwake, na Épiphanie akaviona vikirudi.

Inspekta hakucheka. "Mwalimu," akasema, "watoto wako hawajui walipo. Hebu waonyeshe wewe. Ng'ambo ni wapi?"

Jibu alilijua. Kila mtu pale alilijua: upo Rwanda, ng'ambo ni Bukavu. Akanyanyua mkono kuonyesha. Na mkono, ambao tangu utotoni ulifundishwa Jumapili baada ya Jumapili, ukazunguka, ukashuka, ukaonyesha ardhi iliyo chini ya viatu vyake.

Hakuna aliyecheka sasa. Munyemana aliziba uso kwa kofia.

"Hata wewe hujui ulipo?" inspekta akauliza, taratibu.

"Najua, Papa Inspekta," akasema Épiphanie. "Nilizaliwa kule. Papa yangu alikuwa anatusimamisha ku maji, anatuonyesha hapa. Hapa njo palikuwa ng'ambo. Sasa niko hapa, na najua niko hapa. Mukono tu, hawajauambia kama tulirudi."

Kisha nyuma ya wazazi mtu akakohoa. Alikuwa Hakizimana, baba yake Jean Paul, mwanamume mzito asiyewahi kumsalimia Épiphanie hata siku moja. Épiphanie aliamini kwamba anamchukia kwa kuja kuchukua kazi ya watu wa hapa, na huenda hakukosea sana.

"Na miye," Hakizimana akasema, akitazama maji. "Nilizaliwa hapahapa. Lakini ile miaka mbili ya kambi, kila asubuhi nilikuwa nasimama kule, naangalia shamba yangu ku mulima. Batoto banauliza: Papa, ile ni wapi? Nabaambia: ng'ambo." Akaisugua shingo. "Hata leo, nikilala, iko ng'ambo."

Mwanamke mmoja akaanza kulia chini chini, mwingine akamshika. Sitasema kwamba watu walipatana siku ile, maana mtu aliyezika watu wake hapatani na mtu kwa sababu ya dimbwi la shule. Lakini walibaki wamesimama, wote, kuzunguka maji yale, muda mrefu kuliko ilivyotakiwa na ratiba, na hakuna aliyeona haya kutazamwa. Inspekta alifungua daftari, akaandika kitu kirefu, akaenda zake bila kunywa fanta.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Munyemana aliyasoma kwa sauti mlangoni mwa darasa. Mwalimu Épiphanie aendelee na kazi mpaka diploma itakapopatikana, na kwa kuwa diploma isingepatikana kamwe, hiyo ilikuwa na maana ya maisha yake yote. Épiphanie alimrukia mkuu wa shule akamkumbatia, jambo ambalo Munyemana hakulizoea. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Katika jiografia yatumike majina rasmi pekee. Neno "ng'ambo" lisisikike tena darasani.

"Hiyo tu?" akasema Épiphanie, akicheka machozi yakimtoka. "Aichukue!"

Akatii, maana alikuwa mtu wa neno lake. Mwanzoni ilikuwa mchezo: mtoto akiteleza akalisema, alijiziba mdomo kwa mikono miwili, darasa likachekelea. Baadaye waliteleza mara chache. Baadaye hawakuteleza.

Mwezi wa nane vita vilianza tena, na malori ya askari yakateremka kuelekea darajani siku nzima. Shule ilipofunguliwa Septemba, asubuhi moja katikati ya somo la kugawanya, milio mizito ilisikika kutoka milimani, mbali, nyuma ya maji. Watoto wakainuka kwenye mabenchi.

"Mwalimu," Umuhire akauliza, "hiyo inalia wapi?"

Épiphanie alikuwa dirishani, chaki mkononi. Aliyaona mapaa ya mtaa aliokulia, na kilima alikolala baba yake.

"Ni Bukavu," akajibu. "Mukae."

Wakakaa. Yeye akabaki pale dirishani, kwa sababu alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe: alikuwa ameutaja kama wanavyoutaja redioni, mji fulani, wa watu fulani.