Nakuleu Aenda Kukagua Theluji

Nakuleu huuza samaki. Huwatoa Longech, ufukweni mwa Ziwa Turkana, huwapitisha Lodwar wakapate barafu, huwafikisha Kakuma wakiwa bado wanakodoa macho. Mgongo wake umebeba samaki hadi ukiona dimbwi unataka kuogelea. Kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, mteja wake alikuwa Adau, mama wa Kidinka mwenye kibanda cha chakula. Walianza kwa kugombana, eti samaki ni wadogo, wakaishia kusukana nywele.

Mwaka wa 2012 Adau alikubaliwa kuhamia ng'ambo, kwa mwanawe Dut na wajukuu ambao hajawahi kuwashika. Lakini Dut anakaa milimani, na kwenye simu alisema theluji hufika dirishani. Ofisi ilitaka jibu kabla ya Krismasi, na Adau alishaamua kukataa.

“Nitakufa huko,” alisema. “Watanizika ndani ya friji.”

“Umeenda ukaona?” Nakuleu akamuuliza.

“Nitaendaje? Kutoka kambini tu ni mpaka kibali.”

“Basi nitaenda mimi.”

Kwetu Turkana mifugo haihamishwi kwa maneno ya kusikia. Mtu hutangulia, akatazama nyasi, akaonja maji, akarudi kusema alichoona. Nakuleu hakuona kwa nini theluji iwe tofauti.

Alimwendea Aukot, dereva wa lori anayefika mpaka Nanyuki.

“Mama, nenda Novemba,” Aukot akamwambia. “Mvua ikinyesha chini, Mlima Kenya unakuwa mweupe juu. Na ile ni mbuga ya serikali, si boma la dada yako. Unalipa langoni, unapanda na mtu anayejua njia.”

“Nivae nguo gani?”

“Zote.”

Akanunua koti zito la mtumba, soksi na kofia ya sufu. Kisha akaanza mazoezi. Alikuwa akiketi pale Lodwar penye samaki, miguu ndani ya sanduku la barafu, hadi samaki mmoja, mbuta, akamsogelea apate joto. Nilikuwepo, maana nauza samaki naye. Watu wa Lodwar, mji ambao hata kivuli hutafuta kivuli, walijaa kumtazama. Mimi nikampaka mafuta ya mbuzi kuanzia utosi hadi kucha, akang'aa kama pikipiki mpya.

Akaenda. Aliporudi nilimfuata Kakuma nisipitwe na habari.

“Baridi inauma?” Adau akauliza kabla hata hatujaketi.

“Inauma. Vidole vilinikana, vikasema si vyangu.”

“Niliwaambia.”

“Ngoja.” Nakuleu akafungua fundo la leso, akamwaga mezani vipunje vyeusi vikavu.

“Hii nini?”

“Mavi ya pimbi, mnyama mdogo kama sungura. Tulimkuta kwenye mawe, theluji pande zote. Amenona, ana watoto, akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Mwongozaji aliniuliza mavi nayapeleka wapi. Nikamwambia, kwa mama mmoja anayeogopa baridi kuliko pimbi.”

Adau alicheka mpaka akashika meza. Halafu akavigeuza vile vipunje kwa kidole.

Hapo nikamnong'oneza Nakuleu kwa Kiturkana. “Mwambie baridi inaua. Neno moja tu, na rafiki yako habanduki hapa.”

Hakunong'ona kunijibu. “Aliyetangulia akidanganya, mifugo yote inakufa.” Kisha akamgeukia Adau, kwa Kiswahili. “Mahali panapo mavi pana malisho. Nenda kwa mtoto wako.”

Mimi nimeishi na watu wengi, na mwamba kama huyo sijamwona. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikutikisika.

Adau aliondoka mwezi wa pili, 2013. Katika jua lile la Kakuma alikuwa amevaa koti la Nakuleu, jasho likimchuruzika, na hakukubali kulivua. Koti lilikuwa linanuka mbuta. Nadhani watoto wa Dut walimjua bibi yao akiwa bado angani.

Nakuleu bado anapeleka samaki kambini. Kibanda sasa ni cha mama mwingine, Nyachuol. Juzi huyo naye alimwambia Nakuleu eti samaki ni wadogo.