Sweta la Damu ya Mzee

Mpaka leo nikinusa sufu iliyolowa, namkumbuka baba. Basi nisikilizeni, ingawa jambo lenyewe halina utamu.

Tulikaa kijijini Mahongole, kule nyanda za juu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa: soko la Makambako limejaa mitumba, redio na sabuni za kunukia, na sisi mfukoni hatuna kitu. Shule ikatangaza masweta mapya, rangi ya damu ya mzee. Asiye nalo asionekane darasani. Nao ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya kwetu mnaijua.

Mama alizunguka vibanda vyote vya mitumba akitafuta sweta la kutia rangi hiyo. Masweta yalikuwa ya nyuzi za plastiki, hayashiki rangi. La sufu nyumbani lilikuwa moja tu, la kijivu, la baba, alilokuwa akivaa alfajiri akienda kupakia viazi kwenye malori. Baba akalivua mwenyewe. Mama akachemsha maji, akamwaga rangi ya unga na chumvi, akalizamisha na kulikoroga kwa mwiko mkuukuu. Mvuke ukanuka kama kondoo aliyenyeshewa.

"Baba, ni damu ya mzee gani?" nikauliza.

"Yeyote," akacheka, mikono kwapani. "Damu ya kijana inang'aa. Ya mzee, walisema wa zamani, imekolea, inaelekea weusi. Ndipo rangi ikapata jina. Usiogope, hajachinjwa mtu."

Mama alipoliopoa na kulikausha, likanienea mimi, msichana wa darasa la nne, utadhani nilipimwa. Nilirukaruka kwa furaha. Baba alilitazama tu, kisha akaenda kazini na shati.

Shuleni mwalimu mkuu alilivuta begani. "Hii ndiyo damu ya mzee? Haya matope! Rudi nyumbani, mama yako akanunue dukani kama wenzake."

Nililia njia nzima. Jioni nikamwekea baba sweta lake mapajani. Hakuligusa.

"Lako hilo, mwanangu," alisema, akageukia moto.

Nilidhani amenikasirikia. Mwezi wa saba wote alikohoa, akipakia viazi na shati lile lile, na ukaidi wake nikauchukia kabisa. Tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Nilikuwa tayari na watoto nilipochemsha sweta langu la sufu kwa kutojua, likatoka dogo la kumtosha mwanangu. Jamani, niliketi sakafuni nikalia. Sufu ikichemka hunywea, na hairudi tena. Baba aliliona siku ile ile lilipotoka kwenye sufuria, akanyamaza ili nisijue kuwa halimwingii tena.