Kikapu Kilichoponea Chupuchupu

Juma lililopita niliingia duka la vitu vya zamani kule Doornfontein, Johannesburg. Mwenye duka, Mkongomani mcheshi, alikuwa ameshika brashi ya rangi ya dhahabu, tayari kupaka kikapu cheusi kilichokuwa mezani.

"Weka chini hiyo rangi, kaka yangu!" sauti ilisikika mlangoni. Mama mmoja wa Tanga alipita mbele yangu na kukikumbatia kile kikapu.

"Mama, hii kitunga iko nyeusi sana," alijitetea muuzaji. "Batu habaipende."

"Hiki cha Kijapani. Mianzi yake ilikaa darini juu ya jiko la kuni miaka na miaka kabla ya kusukwa. Huo weusi ni moshi. Ukiupaka rangi, umekiua."

Alikipindua, akatuonyesha jina la fundi lililochongwa chini. Kisha akakisugua kwa pindo la khanga, taratibu, na mwanzi ukang'aa wekundu wa chai ya rangi.

"Eish!" akasema muuzaji, akafunika kopo lake la rangi. "Beba, mama. Lipa bei ya jana, ile ya kitunga ya kawaida."

"Vikapu vya Kijapani vimejaa nyumbani kwangu," mama aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Cha moshi nimekitafuta tangu nihamie Joburg."

Akatoka kifua mbele, kikapu kichwani. Sisi wengine wa mji huu tunahangaika usiku na mchana tuonekane wapya. Yeye alivuka barabara kwenye roboti, taa za barabarani za huku, akiringia moshi wa jiko la watu asiowajua, na madereva wakampisha.