Mara ya Tatu Ndipo Uitike

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, katika fleti yetu ya ghorofa ya sita Tottenham, nilikatazwa kuitika sauti ya mtu nisiyemwona. Aliyenikataza ni Bibi, mama yake Mama, aliyekuja kutoka Muheza kuishi nasi baada ya babu kufariki. Ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Ukiitwa mara ya pili, nyamaza. Binadamu ataita mara ya tatu, ndipo uitike. Kiumbe kibaya hakifiki tatu.

Hakukipa kiumbe hicho jina. Alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, na alimcha Mungu kwa mwili mzima: hakusali bila kitambaa kichwani, alipiga magoti kwenye zulia hata miguu ilipomvimba, na siku aliyonikuta natafuna katikati ya sala alinifinya. "We mke mwenzangu, Mungu si kondakta wa basi, umwite huku unatafuna." Hakuona ugomvi wowote kati ya sala zake na ile habari ya sauti.

Ugomvi niliuona mimi. Shule ya Jumapili tulisimuliwa juu ya mtoto aliyelala hekaluni, Mungu akamwita kwa jina, naye akaitika mara ya kwanza. Nikamuuliza Bibi, mbona yeye hakungoja?

"Yule alikuwa hekaluni," alisema. "Wewe uko Tottenham."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi nilibaki na hofu kwamba siku moja Mungu ataniita mara moja tu, nami nitakuwa nahesabu.

Alhamisi moja ya Novemba nilirudi kutoka shule, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Redio ilikuwa kimya. Viatu vya Bibi havikuwa mahali pake mlangoni, nikajua ameenda kwenye maombi ya akina mama, ghorofa ya pili kwa jirani yetu Mkongo. Mama alikuwa kazini Barking, akiwaogesha wazee wa watu. Nilikaa jikoni bila kuvua koti.

"Neema."

Ilikuwa sauti nyembamba, kama imetoka ndani ya ukuta. Saa ya jiko ilionyesha saa kumi na dakika kumi na mbili. Nilishika ukingo wa meza. Kama ni Mungu, je, atanipita aende kwa mtoto mwingine? Kama si yeye, nikiitika nitakuwa nimekikaribisha nini?

"Neema." Safari hii chini zaidi.

Nilingoja ya tatu mpaka saa kumi na dakika thelathini na moja. Haikuja. Nikapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoniuma zaidi kuikumbuka. Nilipaka mkate siagi, nikamshukuru Mungu kwa kuniokoa.

Mama alirudi saa kumi na mbili, akaenda bafuni kunawa, akapiga kelele. Bibi alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika. Viatu vyake vilikuwa ukingoni mwa bafu, vimeoshwa, vinachuruzika.

"Tangu saa ngapi, Mama? Hukuita?"

Bibi alinitazama mimi niliyesimama mlangoni. "Ningemwita nani? Mtoto hajarudi bado."

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumsikia Bibi akisema uongo, hata wa mzaha.

Jumamosi, hospitalini, Mama alipotoka kumtafuta daktari, Bibi alinivuta mkono. "Nilijua hutaitika. Nilikuwa nakusanya pumzi ya mara ya tatu, ikakataa." Akacheka kidogo, ikamuuma. "Nimekufundisha vizuri mno."

Kisha akaniambia nisali. Sikuweza kufungua mdomo. Akasali mwenyewe, chali, kichwa wazi, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeongea na mtu aliyeketi upande wa pili wa kitanda: "Baba, huyu mtoto nimemfundisha kuogopa. Mwondolee."

Alitembea tena, kwa magongo, akarudi Muheza. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mama hajui mpaka leo kwamba siku ile niliitwa nikanyamaza.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kumcha Mungu ni kunyamaza mbele yake nisije nikakosea. Nilinyamaza hivyo hivyo mbele ya watu, na sasa naishi peke yangu Croydon, katika jengo ambamo simjui mtu kwa jina. Kuta ni nyembamba. Nikisikia kitu kimeanguka kwa jirani, nakwenda kugonga. Karibu kila mara hakuna lolote. Mlango hufunguliwa nusu, natazamwa kama kichaa, narudi nimeaibika. Lakini katika zile hatua saba za korido, kabla sijagonga, sina haja ya kujua kwanza ni nani ananiita. Hapo tu, kwa muda mfupi hivyo, ndipo ninapomhisi Mungu yuko karibu.